Mzee mwenye maumivu sugu na bima yake: namna ya kupata dawa zisizo za jamii ya afyuni, hatua kwa hatua

Mzee anayeumwa magoti, kiuno au miguu kwa miaka, akiambiwa dirishani "hii bima haitoi", hurudi nyumbani akiamini Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) umemkatalia. Ukifuatilia karatasi zake, mara nyingi unakuta jambo jingine. Dawa iliandikwa kwa jina la biashara. Au iliandikwa katika kituo ambacho ngazi yake hairuhusu kuitoa. Au ugonjwa uliojazwa kwenye fomu hauendani na dawa yenyewe. Yote haya hutokea kabla mzee hajafika dirishani, na yote yanarekebishika ukijua pa kuangalia.

Mwongozo huu ni wa wazee wenyewe, na wa watoto, wajukuu na majirani wanaowasindikiza kliniki katika Dodoma, Singida na maeneo ya jirani. Unahusu maumivu yaliyozidi miezi mitatu. Maumivu ya saratani yana njia yake, na humo mofini ni dawa stahiki kabisa. Mzee wa saratani asinyimwe kwa sababu ya hofu ya watu. Kwa magoti, mgongo na neva, tramadoli na dawa nyingine za jamii ya afyuni huleta kizunguzungu, choo kigumu, kuanguka usiku na mazoea yasiyoachika kirahisi. Mzee akivunjika nyonga kwa kuanguka, familia nzima inabadilika. Ndiyo maana tunasisitiza njia nyingine zitafutwe kwanza, na zitafutwe vizuri.

Kwanza: kadi iwe hai

Hakikisha hali ya bima kabla ya siku ya kliniki, si ukiwa kwenye foleni. NHIF ina namba ya bure, 199. Piga ukiwa na namba ya kadi na ya kitambulisho cha taifa mkononi, uulize mambo matatu: kadi iko hai? Mzee amesajiliwa kwa jina na mwaka gani wa kuzaliwa? Kituo gani cha karibu kimesajiliwa na Mfuko?

Wazee wengi huingia NHIF kwa milango miwili. Wa kwanza ni wa mstaafu: mwanachama aliyestaafu baada ya kutimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake. Wa pili ni kupitia mtoto aliyeajiriwa. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa yeye na nusu akichangia mwajiri, na humo anaweza kuandikisha mwenza na wategemezi wanne. Wategemezi hao si watoto tu. Wazazi wake na wazazi wa mwenza wake wanaruhusiwa. Kuna mwalimu ana nafasi mbili zimekaa wazi miaka yote, huku mama yake kijijini analipia kila kidonge. Kaeni kama ndugu mpange: kama watoto wawili wameajiriwa, mmoja amwandikishe baba na mwingine mama.

Kinachokwamisha usajili wa mzazi ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinamtaja mama kwa jina la ukoo wa Kigogo, kitambulisho cha taifa kina jina la ubatizo, na kadi ya zamani ina herufi moja iliyokosewa. Nendeni kwa wakili au hakimu mpate hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, mtengeneze nakala kadhaa, na moja ikae kwenye bahasha ya kliniki. Mwaka wa kuzaliwa nao ulingane kila mahali.

Siku ya uhakiki, alama za vidole za mtu aliyeshika jembe miaka hamsini zinaweza kugoma kusomeka. Hilo si kosa lake. Muoshe mikono, mpake mafuta kidogo, mfute, mjaribu kidole kingine. Ikishindikana, ombeni ahakikiwe kwa njia nyingine, na msiondoke bila kuonana na msimamizi wa madai ya bima wa kituo hicho.

Pili: maumivu yapate jina

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu hupita haraka. "Maumivu ya mwili" si ugonjwa ambao bima inaweza kuulipia dawa ya maana. Daktari anahitaji maelezo yatakayomwezesha kuandika jina halisi, na muda wake na mzee ni mfupi. Mzee aseme panapouma, pameanza lini, panaumaje, na anashindwa kufanya nini. "Siwezi kuchuchumaa chooni tangu mavuno ya mwaka juzi" inamsaidia daktari kuliko "naumwa sana."

Goti linalouma ukitembea na kupoa ukikaa, likikaza kidogo asubuhi, mara nyingi ni kusagika kwa kiungo. Miguu inayowaka moto au kuchomachoma usiku kwa mwenye kisukari ni neva. Maumivu yanayobaki palipokuwa na mkanda wa jeshi baada ya vidonda kukauka ni neva pia. Shoti ya ghafla upande mmoja wa uso, kwa kutafuna au kuguswa na upepo, ni neva ya uso. Maumivu ya mgongo yanayoshuka hadi kwenye unyayo mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa.

Kuna mambo ambayo si ya kutafutia dawa ya maumivu hata kidogo. Mgongo unaouma usiku pamoja na jasho, kikohozi au kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Homa zinazokuja na kuondoka pamoja na viungo kuuma, kwa mtu anayefuga au anayekunywa maziwa mabichi, zitaje moja kwa moja, maana brusela ipo katika mikoa yetu ya wafugaji na ina tiba yake ya antibiotiki. Kwa Singida, ambako maji ya baadhi ya visima yana floridi nyingi, mgongo kukakamaa kwa miaka nako kuna sababu ya kuulizwa maji yanatoka wapi. Na mzee aliyeanza kufa ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari aliyetumia metformini miaka mingi aombe apimwe vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huwasha miguu vilevile. Lakini sindano za vitamini B kwa kila mwenye ganzi, bila upungufu, ni fedha inayopotea.

Tatu: kipimo cha figo

Tungekuwa na ruhusa ya kusisitiza kipimo kimoja tu, kingekuwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kinaamua dawa gani ni salama, na pia kinampa daktari sababu ya maandishi ya kuomba dawa ya ngazi ya juu.

Jibu la maabara peke yake hudanganya. Chukua mama wa miaka 72, kilo 50, kreatinini mikromoli 110. Wengi wataona namba hiyo ni ya kawaida au imezidi kidogo tu. Sasa hesabu: 140 toa umri ni 68, zidisha kwa uzito, 3,400, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke (mwanaume ni 1.23), 3,536, gawa kwa 110. Unapata 32. Figo za mama huyu zinachuja mililita 32 kwa dakika, wakati mtu mwenye afya hufikia 90 na zaidi. Huyu hafai kupewa diklofenaki kila siku, na gabapentini atapewa kwa kipimo kilichopunguzwa. Omba hesabu hiyo iandikwe kwenye faili, si namba ya maabara pekee.

Hatari kubwa kuliko zote tunayoiona kwa wazee ni mchanganyiko huu: dawa ya presha kama losartani au enalaprili, kidonge cha kukojoza kama haidroklorothiazidi, kisha diklofenaki, ibuprofeni au piroksikamu juu yake. Vitatu hivyo kwa pamoja vinaweza kuzima figo ndani ya siku chache, hasa mzee akiharisha au akifunga. Pakiti za vidonge vya rangi vilivyofungwa pamoja kwenye karatasi bila jina, kutoka dukani au mnadani, zitupeni. Ndani yake kunaweza kuwa na diklofenaki, na hata prednisoloni, ambayo hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Nne: dawa zenyewe na kiasi chake

Fahamu vipimo hivi ili uweze kukagua kilichoandikwa. Kuandika ni kazi ya daktari.

Parasetamoli ni ya kuanzia. Kidonge ni miligramu 500. Mzee wa kilo zaidi ya 50 anaweza kumeza viwili mara tatu kwa siku, yaani gramu 3. Chini ya kilo 50 ni miligramu 15 kwa kila kilo kwa mara moja, na yasipungue masaa sita kati ya dozi na dozi. Vidonge vya mseto vyenye diklofenaki na parasetamoli huhesabiwa humo humo. Watu hujikuta wamemeza mara mbili bila kujua.

Jeli ya diklofenaki ya kuchua inafaa sana kwa goti, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo mno kuliko ya kumeza. Tatizo ni hesabu. Goti moja linahitaji gramu 2 hadi 4 kila mara, mara tatu au nne kwa siku. Hata kwa kipimo cha chini, gramu 2 mara tatu, ni gramu 6 kwa siku. Tyubu ya gramu 30 inaisha siku ya tano. Daktari akiandika "tyubu 1" kwa mwezi, mzee atapaka kidogokidogo mpaka iishe, aone haifanyi kazi, arudi kwenye sindano. Mwombe aandike gramu kwa siku na idadi ya tyubu: sita kwa goti moja kwa siku 30. Na usichanganye jeli na vidonge vya jamii hiyo hiyo.

Kwa maumivu ya neva, amitriptilini ni ya zamani, nafuu, na huanza kwa nusu ya kidonge cha miligramu 25, saa mbili kabla ya kulala. Vidonge 15 vinatosha mwezi. Lakini kwa mzee ina miiko: tezi dume linalokwamisha mkojo, presha ya macho, moyo usiokwenda sawa, usahaulifu, historia ya kuanguka. Akiwa na mojawapo, litajwe na liandikwe. Hiyo ndiyo hoja ya kuhamia gabapentini au dulokisetini.

Gabapentini huanza usiku na kupanda polepole. Figo zikichuja kati ya 30 na 59, jumla ya siku ni miligramu 400 hadi 1,400, ikigawanywa mara mbili. Pregabalini nayo hupunguzwa karibu nusu kwa figo za kiwango hicho. Zote mbili huleta usingizi na kuyumba wiki za mwanzo, hivyo ndoo na viti viondolewe kwenye njia ya kwenda chooni. Dulokisetini huanza miligramu 30, baada ya chakula, na haitumiki figo zikishuka chini ya 30, presha ipimwe. Shoti za uso dawa yake ni karbamazepini, kuanzia miligramu 100 mara mbili, na kipimo cha sodiamu baada ya wiki chache. Hakuna kati ya hizi inayopimwa kwa siku mbili. Mpe mzee wiki nne hadi sita, na zisikatwe ghafla.

Watoto walioko mbali huwa wanatuma habari za Journavx, dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025. Iliidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi, kama baada ya upasuaji. Msihangaike kuitafuta kwa goti la miaka kumi.

Tano: fomu isomwe kabla ya kuondoka chumbani

Amitriptilini inajulikana kama dawa ya sonona, gabapentini na karbamazepini kama dawa za kifafa. Mkaguzi wa madai akiona jina la dawa ya kifafa na ugonjwa ulioandikwa ni "maumivu ya mgongo", anakata, na kituo kilichokatwa mara mbili kitasita kutoa mara ya tatu. Kwa hiyo jina la ugonjwa na msimbo wake lazima viseme neva: neva za kisukari, neva baada ya mkanda wa jeshi, neva ya uso. Waelezeni pia nyumbani. Mjukuu akisoma mtandaoni kuwa bibi anameza dawa ya kifafa, huwa anazificha.

Faili zuri lina mistari minne: ugonjwa kwa jina, dawa zilizojaribiwa pamoja na kipimo na muda wake (kwa mfano parasetamoli gramu 3 kwa siku, wiki nne, bila nafuu), sababu ya kutompa dawa za jamii ya diklofenaki au amitriptilini (figo 32, presha, tezi dume), kisha dawa inayoombwa kwa jina lake halisi, nguvu yake, mara ngapi, siku ngapi na jumla ya vidonge. Msindikizaji abebe maboksi matupu ya dawa zilizopita kwenye mfuko. Ni ushahidi usiobishaniwa.

Jina liwe halisi, si la biashara. Kisha ngazi. Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021, hupanga dawa kwa herufi: A zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S hospitali maalumu. Muulize mfamasia, "Baba, hii ni herufi gani?" Jibu linakuambia uende wapi. Ikiwa iko juu ya kituo chenu, omba rufaa ya maandishi hapo hapo. Anayetoka Bahi au Chamwino akienda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa bila karatasi hiyo, anapoteza nauli na siku nzima.

Sita: ukiambiwa hakuna

Uliza swali moja: haipo stoo, au hairuhusiwi? Ni mambo mawili tofauti kabisa, na dirishani huchanganywa kila siku.

Kama haipo stoo, mwanachama wa NHIF anadai fomu 2C, ya kuchukulia dawa kwenye famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa na Mfuko. Ikague ungali hospitalini: jina na namba ya mwanachama, dawa, nguvu, idadi, sahihi ya daktari, muhuri. Kikikosekana kimoja famasi itakurudisha, na muhuri huenda usipatikane saa za kazi zikiisha. Kwa kuwa famasi moja huenda nayo haina, piga simu kwanza au mtume kijana mwenye pikipiki akaulize. Mzee abaki amekaa.

Kama hairuhusiwi, omba sababu. Ni ngazi? Rufaa. Ni dawa inayohitaji daktari bingwa? Omba miadi ya bingwa, na mistari minne ya faili iende nayo. Inahitaji kibali maalumu? Hospitali ndiyo huomba kwa Mfuko; uliza imeombwa lini na nani anafuatilia. Haimo kabisa kwenye kitita, yaani orodha ya huduma na dawa zinazolipiwa na Mfuko? Rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, umwombe achague iliyomo kwa ugonjwa ule ule, badala ya mzee kwenda nyumbani mikono mitupu. Ukitakiwa kuongeza fedha juu ya dawa iliyomo, piga 199 kabla ya kutoa. Kitita kilibadilishwa kuanzia 1 Machi 2024, na orodha za zamani zilizobandikwa ukutani bado zinapoteza watu.

Usisahau visivyo vidonge. Kitita cha NHIF kina fiziotherapia na baadhi ya vifaa saidizi. Goti linalofanyiwa mazoezi ya kuimarisha paja, mara tatu kwa wiki, hupunguza hitaji la dawa kuliko wengi wanavyotarajia, na kipande hiki cha haki ya bima hukaa bila kutumika kwa sababu hakuna anayekiandika. Ombeni kiandikwe.

Kwa wasio na kadi ya NHIF

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na asiye na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Anza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kwa barua, nenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, fuatilia kitambulisho cha matibabu cha mzee. Bila kitambulisho, kila ziara inakuwa mjadala mpya. Kwa kaya, CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii) iliyoboreshwa, iliyoanza 2018, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu hadi sita. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka utaratibu wa kila mkazi kuwa na bima, pamoja na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hivyo jina la mzee liwemo kwenye orodha ya kaya zisizo na uwezo inapopitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Nendeni mkutanoni, msisubiri kuambiwa.

Udhaifu wa msamaha huo wa malipo kwa wazee ni kwamba stoo ikiwa tupu, familia ndiyo hununua. Hivyo kwa mzee wa msamaha, mwambieni daktari mapema achague dawa ambayo kituo huwa nayo mwezi hadi mwezi. Amitriptilini nusu kidonge, kama haina miiko kwake, itamfaa kuliko pregabalini ya mwezi mmoja itakayokatika.

Tarehe ya kurudi iandikwe siku saba kabla dawa hazijaisha. Masika ya kwetu huanza Desemba, na barabara za Mvumi, Chemba na Mpwapwa vijijini hukatika kwa siku kadhaa. Mwenye gabapentini anayekosa dozi ghafla hukosa usingizi, hutetemeka, na maumivu hurudi kwa kishindo. Novemba, mwombeni daktari aandike hiyo akiba ya wiki moja, na sababu yake aiweke kwenye faili.